Vidole Vinne Kuelekea Kulia

Kwa Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limeacha kukusumbua unapopanda ngazi. Wifi yangu hajambo? Watoto je? Waambie shangazi yao anawakumbuka, na yule aliyeng'oka meno ya mbele aendelee kucheka vilevile, asifunge mdomo kwa aibu. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nagombana. Siku ukisikia sigombani tena, hapo ndipo uje na daktari.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu hunikatiza, na kwenye kundi la familia kila mtu ana neno lake. Karatasi haina pa kukatizwa. Isome hadi mwisho, kisha mpe kitindamimba wetu naye aisome, maana najua mmekuwa mkinijadili.

Nianze na maneno yako mwenyewe. Katika ujumbe wa sauti uliouweka kwenye kundi wiki iliyopita ulisema hivi, nami nanukuu: "Mashine hutoka kiwandani ikiwa imepangwa na watu waliosomea. Wewe ni nani wa kuipangua? Irudishe ilivyokuwa, muombe bosi radhi, ule mshahara wako kwa amani." Kitindamimba akafuatisha vikatuni vya kucheka mpaka machozi, na binamu zetu wakaongeza vya makofi.

Kaka, wewe ni mwalimu wa udereva. Nusu ya madereva wa mji wako wamepita mikononi mwako. Somo la kwanza unalompa mwanafunzi ni lipi? Si gia, si breki. Unamwambia avute kiti mpaka miguu yake ifike vizuri, anyanyue mgongo wa kiti, kisha apange vioo vyote vitatu mpaka aone barabara bila kupinda shingo. Ndipo umpe ufunguo. Gari hilo nalo lilitoka kiwandani likiwa limepangwa na watu waliosomea! Na siku nilipoliegesha gari lako nikasahau kukirudisha kioo, ulinifokea mbele ya wifi kana kwamba nimeuza injini. Ulisema kioo cha dereva ni jicho lake. Haya, kioo chako ni jicho lako, lakini kompyuta yangu ni mali ya kiwanda? Na suruali zako, ambazo zote hufika dukani zikiwa ndefu kama za mtu wa mpira wa kikapu, mbona unampelekea fundi azikate bila kumuomba radhi aliyezishona?

Aliyetengeneza mashine yangu alimtengenezea mtu asiyemjua. Simlaumu. Hakuna namna nyingine ya kutengeneza vitu vingi kwa mpigo. Lakini ni mtu mwenye akili kuliko mnavyomdhania mnaomtetea, kwa sababu aliacha mlango wazi. Ndani ya kila kompyuta kuna sehemu inayoitwa mipangilio. Hakuiweka kuwa pambo. Aliiweka kwa sababu alijua atakosea kuhusu mimi.

Sasa nikueleze jambo lenyewe, maana nadhani umelihukumu bila kuliona. Unaijua ofisi yetu, ile ghorofa ya pili juu ya duka la vioo, yenye feni inayogonga na nyaya zilizobandikwa sakafuni kwa utepe wa gundi. Gazeti letu hutoka mara moja kwa wiki. Waandishi wanaandika, mpiga picha anapiga, mimi ndiye ninayeziweka habari na picha mahali pake mpaka ukurasa uwe ukurasa. Kazi hiyo ni ya kurudia. Kuza picha, punguza picha, sogeza safu, hifadhi, tazama kurasa zote kwa pamoja, rudi kwenye ukurasa mmoja. Mtu anayefuata njia ya kiwandani hufanya kila kimoja kwa kuusukuma mshale mpaka juu ya skrini, kufungua orodha, kushuka nayo, kubofya kijina kidogo, kisha kurudi alikotoka. Siku nzima anasafirisha mshale kama mtu anayechota maji kwa kijiko.

Mimi nilikataa kijiko. Chini ya vitufe vya kompyuta yangu kuna kile kibao laini cha kugusa, sisi tunakiita padi. Nimeifundisha padi yangu lugha ya vidole. Vidole vitatu vikishuka, kazi inahifadhiwa. Vitatu vikipanda, kurasa zote zinajipanga mbele yangu kama karata. Vinne kuelekea kushoto, narudi nilikokuwa. Vinne kuelekea kulia, ukurasa uliokamilika unakwenda mitamboni kuchapwa. Na kwa mkono wa kushoto nina vitufe vyangu, kila viwili vikibonyezwa pamoja vina amri niliyovipa mimi. Nilianza zamani, kwa ajili ya kasi tu na, nikiri, kwa mbwembwe kidogo. Waandishi walikuwa wanasimama nyuma ya kiti changu kutazama, na mmoja alisema mimi sifanyi kazi, nakanda chapati. Nilimwambia alete unga.

Basi Alhamisi moja alasiri nilishuka kwa mpiga picha kuchagua picha ya mbele. Ukurasa wa kwanza niliuacha wazi, haujakamilika. Mhariri msaidizi wetu, tunayemwita Mara Moja kwa sababu hajawahi kwenda popote bila kusema anakuja mara moja, akakaa kwenye kiti changu atazame barua pepe zake. Nilikuwa nimemkataza. Akaweka vidole vinne kwenye padi, akavisukuma kulia, kama anavyofanya kwenye kompyuta yake kuhama dirisha moja kwenda jingine. Dirisha halikuhama. Akajaribu njia nyingine, akasoma barua zake, akaondoka. Mimi nikarudi, nikaumalizia ukurasa, nikautuma. Kule mitamboni walikuwa wameshapokea ule wa Mara Moja, na wangu wakadhani ni marudio, wakauweka kando.

Unajua kilichotokea kwa sababu picha ya gazeti lile imefika hadi kwenye simu yako. Ninapopanga ukurasa kabla habari hazijafika, huwa najaza nafasi kwa maneno ya kushikilia mahali tu. Asubuhi iliyofuata mji mzima ukasoma kwa herufi kubwa nyeusi: KICHWA KIKALI KIJE HAPA. Na chini ya picha ya mwenyekiti wa soko: MTU ANACHEKA, TAFUTA JINA. Wauzaji hawakulalamika hata kidogo, nakala ziliisha kabla ya mchana. Msomaji mmoja alipiga simu kuuliza kama kuna zawadi kwa atakayeleta kichwa. Mwenyekiti wa soko naye alipiga, na huyo hakuuliza zawadi.

Bosi wetu mpya tunamwita Bwana Sare. Ndiye aliyeamuru meza zote zielekee upande mmoja na vikombe vyote viwe vya bluu, mpaka sasa hakuna anayejua anakunywa chai ya nani. Akatuita wote, akatangaza kwamba kompyuta zote zirudishwe kwenye mpangilio wa kiwandani, ili mtu yeyote aweze kukaa popote na kufanya kazi. Hakunitaja, lakini alinitazama mimi tu, na wenzangu nao wakanitazama, kama watoto darasani wakimtazama aliyevunja dirisha.

Nilisimama. Najua unasema moyoni, bila shaka alisimama. Kwanza nilimpa haki yake. Nilikuwa nimeiondoa ile hatua ambapo kompyuta inauliza kama una uhakika kabla ya kutuma ukurasa. Amri nzito kama ile haifai kukaa kwenye mlango usio na komeo. Nilimwambia nimeshalirekebisha, sasa ni lazima kitufe kishikiliwe kwa mkono wa kushoto ndipo vidole vinne vifanye kazi. Kisha nikamwambia kuna dawa ya jambo lote hili, tena ya bure. Fundi wetu wa kompyuta akathibitisha kwamba kompyuta moja inaweza kuwa na vyumba viwili, kila mtu akaingia kwa nywila yake na kukuta vitu vyake alivyoviacha. Chumba cha wote kiwe cha kiwandani, changu kiwe changu. Mara Moja naye akasimama, jambo ambalo sikulitarajia, akasema jamani mimi ndiye niliyekalia kiti cha mwenzangu, msimwadhibu yeye kwa makalio yangu. Watu wakacheka mpaka feni haikusikika.

Bwana Sare hakucheka. Alisema ofisi ni kama jiko la hoteli, kila sufuria mahali pake, anayeingia zamu asitafute mwiko. Nikamwambia aende kwenye jiko lolote la hoteli, amguse mpishi mkuu kisu chake, kisha aje atusimulie akiwa na vidole vyote. Hapo akaudhika kweli. Akasema maneno ambayo bado yako masikioni mwangu. Alisema wenzangu wote, wakubwa kwa wadogo, wanatumia mashine kama zilivyo na kazi inatoka. Je, mimi nashindwa nini wanachoweza wao?

Sasa nafika mahali ambapo barua hii imekuwa ikielekea tangu salamu. Swali lile lilikuwa la kejeli, lakini lilikuwa na jibu. Niliuweka mkono wangu wa kulia juu ya meza ya mkutano, nikaunyanyua kidogo, vidole vikiwa vimenyooka, nikauacha hewani kila mtu auone.

Mkono wangu unatetemeka, Kaka. Si leo wala jana. Mlipokuja kwangu mara ya mwisho wifi alinitania kwamba nimekuwa na adabu za bibi harusi, nashika kikombe kwa mikono miwili. Nilicheka naye. Nilikuwa nimekishika kwa mikono miwili ili chai isimwagike mapajani. Nimeshakwenda kwa daktari. Si ule ugonjwa mkubwa ambao najua umeshaanza kuuwaza. Ni mtetemo tu, wa kurithi, hauui, unaongezeka polepole, na unazidi pale hasa mkono unapolenga kitu kidogo.

Soma tena maneno hayo ya mwisho, kwa sababu ndani yake kuna kazi yangu yote. Kulenga kitu kidogo. Mpangilio wa kiwandani ni kulenga vitu vidogo kuanzia asubuhi hadi jioni. Mshale unakaribia kijina kwenye orodha, unaruka, unagusa cha jirani yake. Kile kitufe cha Ndiyo kinachotokea kompyuta inapouliza kama una uhakika kina ukubwa wa dengu, na mimi kukipata ni kama kutia uzi kwenye sindano nikiwa nimepanda punda. Ndiyo maana nilikiondoa. Lakini vidole vinne vikisukumwa kwa pamoja kuelekea kulia havilengi kitu. Ni mwendo mpana, kama kufuta meza. Mkono utetemeke utakavyo, meza itafutika. Nimeifunga padi isihesabu mguso mwepesi, inasubiri nibonyeze kweli. Nimevipanga vitufe ili nisilazimike kushikilia viwili kwa vidole vya kulia. Kilichoanza kama mbwembwe za kasi kimekuwa ndiyo miguu yangu ya kutembelea, na leo napanga ukurasa haraka kuliko nilivyopanga mkono ulipokuwa mtulivu. Bwana Sare aliponiambia nirudishe kama ilivyokuwa, hakujua alikuwa ananiambia nini. Wewe pia hukujua. Sasa unajua.

Utaniuliza kwa nini sikukwambia. Kwa sababu ya Mama.

Unakumbuka mikono yake ilipoanza. Alikuwa msusi ambaye wanawake walitoka mitaa ya mbali kumfuata, wakikaa kwenye kile kigoda barazani, vichwa magotini pake. Vidole vilipoanza kumtoroka hakulia. Aliacha mistari myembamba, akaanza minene. Alibadili jinsi ya kushika kitana, akamkalisha mteja chini zaidi ili viwiko vyake mwenyewe viegemee mapajani. Alikuwa anajipangia upya, Kaka. Alikuwa ameshaipata njia, na wateja walikuwa wanaipenda ile mistari minene. Kisha tukafanya kikao. Wewe ukasema mama yetu hawezi kuaibika mbele za watu, na sisi tukaitikia, kwa mapenzi kabisa. Ukawa unasimama mlangoni, unawaambia wateja kwa upole kwamba Mama amepumzika. Yeye alikuwa ndani, nyuma ya pazia, anasikia. Hakuna aliyemuuliza. Kigoda kikahamia stoo. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na sijui kama unakumbuka alikuwa anafanya nini kwenye ile miaka. Mimi nakumbuka. Alikuwa anakaa.

Siandiki haya kukuumiza. Sote tulikuwa kwenye kikao kile, na nia yetu ilikuwa safi kama shuka la hospitali. Ndiyo maana naiogopa nia safi.

Rudi nami ofisini. Nilipoushusha mkono, Bwana Sare alibadilika rangi, na akabadilika sauti. Akanivuta pembeni, akanipa pole, akasema laiti angejua. Nikadhani tumemaliza. Kumbe huruma yake ilikuwa mbaya kuliko amri yake. Alisema nisijitese, ataniwekea meza kule chumba cha nyuma niwe nasoma tu kurasa za wengine kutafuta makosa ya herufi, kazi nyepesi, mpaka nitakapokuwa tayari kupumzika moja kwa moja. Nilimwambia sijaomba kupumzika, nimeomba nywila. Nilimwambia Alhamisi hiyohiyo nilipanga kurasa zote za gazeti kwa mkono anaouonea huruma, na kosa lililochapwa lilifanywa na mkono usiotetemeka hata kidogo. Akanipigapiga begani. Akasema anaelewa kwamba ni vigumu kwangu kukubali, kwa hiyo mambo kama haya ni vizuri kuyazungumza na familia.

Na familia, Kaka, ni wewe. Nilipoajiriwa niliandika namba yako kwenye faili langu, ya mtu wa kupigiwa simu nikipatwa na jambo. Amesema atakupigia wiki ijayo.

Kwa hiyo sasa unaelewa kwa nini barua hii imekuja kwa yule kondakta tunayemwamini badala ya kungoja posta. Atakupigia kwa sauti ya upole. Atasema wananipenda sana pale ofisini, na hatakuwa anadanganya. Atakuomba unishauri. Akisikia ndugu yangu mkubwa amekubali, nitakuta meza yangu imehamishiwa nyuma, na hakuna atakayeona kwamba nimefukuzwa, kwa sababu itaonekana kama nimepewa zawadi. Mimi sitaikalia meza ile. Nimeshamwambia, na jana na leo nimekaa kwenye meza yangu, nimetumia vidole vyangu, na mipangilio yangu iko palepale. Fundi wa kompyuta alitumwa aje aifute. Alikuja, akaketi kwenye ukingo wa meza, akanitazama nikifunga ukurasa wa michezo, akaondoka akisema amesahau bisibisi. Kompyuta haifutwi kwa bisibisi, Kaka.

Nisalimie wifi, mwambie sikumdanganya kwa ubaya, na kikombe nitaendelea kukishika hivyohivyo. Wasalimie watoto wote, majirani, na wanafunzi wako wanaogonga nguzo. Kitindamimba nimemkumbuka kwa barua hii na hana haja ya kunitumia dawa za mitishamba wala kuanzisha mfungo kwa ajili yangu.

Ninachotaka kwenu wawili ni kimoja, na sikiombi. Simu itakapolia, iwe imekujia wewe, Kaka, au imekujia yeye, msishukuru. Msiseme mtakaa mlijadili. Msiseme mimi ni mbishi tangu utotoni, ingawa ni kweli. Msikubali, msikatae, msinitetee hata. Mwambieni bosi kwamba mwenye mkono huo yupo, ana akili zake, na namba yake anayo. Amuulize yeye. Kisha mkate simu.

Ni mimi mdogo wako,
msanifu wa kurasa